Mbegu za GMO Huisha Nguvu, na Kibali Hakizuii Hilo

Katika miaka michache iliyopita, serikali na mahakama za nchi mbalimbali zimetoa maamuzi yanayovutana kuhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba, ambazo wengi wetu tunaziita kwa ufupi mbegu za GMO. Oktoba 2022 Kenya iliondoa marufuku iliyokuwa imeiweka mwaka 2012, na suala hilo likaingia mahakamani. Januari 2024 Nigeria iliidhinisha mahindi yenye kinga dhidi ya wadudu na uwezo wa kustahimili ukame. Miezi mitatu baadaye, Mahakama ya Rufani ya Ufilipino ikabatilisha vibali vya biringanya zenye kinga ya wadudu na vya mpunga uliobadilishwa ili punje zake ziupatie mwili vitamini A. Na mwaka 2025 Meksiko ikaingiza ndani ya katiba yake katazo la kupanda mahindi ya aina hii. Kila uamuzi ulipotangazwa, ulipokelewa kama matokeo ya mpira: waliounga mkono walishangilia, waliopinga walinung'unika, na pande zote mbili zikaondoka uwanjani zikiamini kwamba jambo limekwisha. Hapo ndipo ninapoona kosa.

Kibali hakimwambii mkulima jambo analolihitaji zaidi, yaani mbegu hiyo itaendelea kufanya kazi kwa misimu mingapi. Hoja yangu ni kwamba kinga iliyomo ndani ya mbegu hizi ni mali ya pamoja inayoweza kutumiwa mpaka ikaisha, mfano wa kisima kimoja kinachochotwa na vijiji vingi. Ikitunzwa hudumu miongo kadhaa, na ikitumiwa ovyo hukauka ndani ya miaka michache, hata kama sheria inaendelea kuiruhusu na duka linaendelea kuiuza. Kwa hiyo mjadala wa kama mbegu hizi ziruhusiwe au zizuiwe, pamoja na uzito wake, umelifunika swali ambalo faida yote ya mkulima imelalia juu yake, nalo ni jinsi mbegu hizi zinavyopandwa.

Ni vyema kwanza kueleza tunazungumzia nini, maana jina GMO limebebeshwa mambo mengi yasiyo yake. Binadamu amekuwa akibadilisha mazao tangu alipoanza kuchagua suke bora la kuhifadhi kwa msimu ujao, na mbegu chotara zinazouzwa madukani ni matokeo ya kuzalisha mistari miwili ya mmea mmoja, si uhandisi wa vinasaba. Uhandisi huo huchukua jeni moja au chache, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kingine kabisa, na kuipandikiza ndani ya mmea. Tangu mazao haya yalipoanza kulimwa kwa wingi mwaka 1996, tabia mbili ndizo zimetawala. Ya kwanza ni kustahimili dawa ya kuua magugu, ili mkulima apulizie shamba zima na zao libaki hai. Ya pili ni kinga dhidi ya wadudu, inayotokana na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ambaye jina lake limefupishwa kuwa Bt. Bakteria huyu hutengeneza protini ambayo kiwavi akiila hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo wake na kuutoboa. Tumbo la binadamu lina tindikali na halina vipokezi ambavyo protini hiyo hujishikiza, na ndiyo maana bakteria huyuhuyu amekuwa akipuliziwa kwenye mboga kwa miongo mingi, hata na wakulima wa kilimo hai wasiotaka kusikia habari za viuatilifu vya viwandani.

Faida zake zimepimwa. Mwaka 2014 watafiti Wilhelm Klümper na Matin Qaim wa Ujerumani walichapisha uchambuzi uliojumuisha tafiti 147 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba kwa wastani matumizi ya viuatilifu yalipungua kwa asilimia 37, mavuno yaliongezeka kwa asilimia 22, na faida ya mkulima ilipanda kwa asilimia 68. Wastani huo unahitaji kusomwa kwa makini. Manufaa makubwa zaidi yalitokana na mazao yenye kinga ya wadudu, na yalionekana zaidi katika nchi zinazoendelea kuliko katika nchi tajiri. Sababu yake haifichiki: mbegu ya Bt haimfanyi muhindi uzae kuliko uwezo wake wa asili, inazuia tu viwavi wasile kile ambacho ungezaa. Mkulima ambaye tayari alikuwa anawadhibiti wadudu kwa dawa na mashine hapati nyongeza kubwa ya mavuno, ilhali yule aliyekuwa akipoteza sehemu kubwa ya shamba kila msimu huona tofauti mara moja. Kwa maoni yangu, hata hivyo, faida isiyosemwa vya kutosha ni ile ya afya ya anayepulizia. Bangladeshi ilipowapa wakulima 20 wa kwanza miche ya biringanya za Bt mwaka 2014, zao hilo lilikuwa linapuliziwa dawa mara nyingi mno kwa msimu ili kumzuia kiwavi anayetoboa tunda. Mtu anayebeba bomba la mgongoni bila glavu wala barakoa, akipunguziwa idadi ya siku za kupulizia, amepata nafuu isiyoonekana kwenye mizani ya mavuno.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu unavunja dhana kwamba teknolojia hii ni ya viwavi na magugu peke yake. Huko Hawaii, ugonjwa wa virusi wa madoa ya mviringo ulivamia eneo kuu la mipapai mwaka 1992 na kuanza kuyamaliza mashamba. Hakukuwa na dawa, wala mipapai yenye usugu wa asili ambayo ingeweza kuzalishwa nayo kwa njia ya kawaida. Watafiti wa umma, wakiongozwa na Dennis Gonsalves, walipandikiza ndani ya mpapai kipande cha vinasaba vya virusi hivyohivyo, na mwaka 1998 wakulima wakagawiwa mbegu bila malipo. Kilimo hicho kilinusurika. Mbegu ilitoka kwa taasisi za umma, haikulazimisha dawa yoyote, na ilijibu tatizo ambalo wakulima wenyewe walikuwa wakililia.

Sasa tuzigeukie hoja za wanaopinga, ambazo haziko kwenye uzito mmoja. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba mbegu hizi hazioti zikirudiwa kwa sababu zimewekewa kizuizi cha uzazi. Ni kweli kwamba mwaka 1998 ilitolewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya mbinu ya kuifanya mbegu ya kizazi cha pili isiote, na ni kweli kwamba wazo hilo lilizua hasira iliyostahili. Lakini mbinu hiyo haikuwahi kuingia sokoni, na mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikubaliana kuisimamisha. Kinachoendelea kuwachanganya watu ni mbegu chotara. Mkulima akipanda punje alizovuna kutoka kwa mahindi chotara hupata mimea isiyolingana, mingine mirefu, mingine dhaifu, na mavuno hushuka. Hivyo hulazimika kurudi dukani kila msimu. Hali hiyo ni ya chotara zote, ziwe za GMO au zisiwe, na ilikuwepo miongo mingi kabla ya uhandisi wa vinasaba. Kwa upande wa pili, kunde za Bt zilizoidhinishwa Nigeria mwaka 2019 hujichavusha zenyewe, na biringanya za Bangladeshi ni aina za kawaida zilizoboreshwa na taasisi ya umma. Mkulima anaweza kuhifadhi mbegu za mazao yote mawili.

Hoja ya usalama wa chakula nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Utafiti ulioogofya dunia mwaka 2012, ambao picha zake za panya wenye uvimbe zilisambaa kila mahali na ambao ulichangia marufuku ya Kenya, uliondolewa na jarida lililouchapisha mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa idadi ya panya na aina yao haikuruhusu hitimisho lolote. Mwaka 2016 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilipitia zaidi ya machapisho 900 na haikuona ushahidi kwamba vyakula vya mazao yaliyopo sokoni vina hatari kubwa kwa afya kuliko vile vya mazao ya kawaida. Ripoti hiyohiyo, jambo ambalo mashabiki wa teknolojia hii hupenda kuliruka, haikukuta pia ushahidi kwamba mazao haya yaliharakisha ukuaji wa mavuno ya Marekani kwa ujumla. Anayenukuu ukurasa mmoja wa ripoti ana wajibu wa kusoma na ule unaofuata. Vilevile, usalama hupimwa kwa kila zao na kila jeni mahususi, kwa hiyo kauli kwamba "GMO ni salama" ni pana kupita kiasi, kama ilivyo kauli kwamba "GMO ni sumu".

Hoja nzito ni ya umiliki. Jeni zinazouzwa zaidi zimelindwa kwa hataza, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mkulima wa Indiana aliyenunua soya kwenye ghala la nafaka na kuipanda tena alikiuka hataza ya kampuni iliyoitengeneza. Anayesema kwamba hali hiyo haimhusu mkulima mdogo anajidanganya. Ninachokataa ni kulichukulia tatizo hili la kisheria na kibiashara kana kwamba ni la kibiolojia. Papai la Hawaii na biringanya za Bangladeshi zinaonyesha kwamba teknolojia hiihii inaweza kufika shambani bila kumfunga mkulima, endapo taasisi za umma zina fedha, wataalamu na nia ya kujadiliana. Nchi inayofunga maabara zake kwa kuogopa makampuni hujikuta baadaye haina mbegu nyingine ya kuchagua isipokuwa ya makampuni hayo.

Hata hivyo, umiliki na usalama ndiyo mambo yanayojaza kumbi za mikutano, huku usugu wa wadudu ukitajwa mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutazama saa. Niliwahi kuhudhuria mazungumzo marefu ya aina hiyo ambapo mkulima mmoja aliuliza, karibu na kufunga, kama kiwavi hawezi kuizoea sumu hiyo jinsi alivyoizoea dawa ya dukani. Alijibiwa kwa sentensi moja. Alistahili kujibiwa kwa saa nzima.

Jibu lenyewe ni hili. Katika kila kundi kubwa la wadudu kuna wachache sana waliozaliwa na jeni inayowawezesha kuivumilia protini ya Bt. Shamba lote na mashamba ya jirani yakiwa na mmea wa Bt pekee, wadudu wa kawaida hufa wote, wachache hao hubaki, huoana wao kwa wao, na baada ya misimu kadhaa kizazi kizima ni sugu. Njia ya kuzuia hali hiyo iko wazi: mkulima huacha sehemu ya shamba na kuipanda mbegu isiyo na Bt, ili wadudu wa kawaida waishi hapo kwa wingi. Sehemu hiyo huitwa eneo la kimbilio. Nondo sugu, yaani kiwavi aliyekomaa na kuota mabawa, anayetoka upande wa Bt anapokutana na nondo wa kawaida kutoka kimbilio, watoto wao hurithi usugu kutoka kwa mzazi mmoja tu, na kwa kuwa mara nyingi usugu huo huonekana pale tu unaporithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, watoto hao hufa wakila mmea wa Bt, ilimradi kiwango cha protini ndani ya mmea kiwe kikubwa. Mkulima anaombwa, kwa maneno mengine, kulisha wadudu kidogo leo ili mbegu yake isipoteze nguvu kesho. Ni ombi gumu kwa yeyote aliyepigana na viwavi maisha yake yote, na halieleweki kwa kusoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya mfuko.

Yaliyotokea pale ombi hilo lilipopuuzwa yanajulikana. Afrika Kusini ilianza kulima mahindi ya Bt mwaka 1998, ikiwataka wakulima watenge kimbilio. Wengi hawakufanya hivyo katika miaka ya mwanzo, na mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba bungua wa mahindi ameizoea protini hiyo. Puerto Rico, mahindi yenye protini nyingine ya Bt yaliondolewa sokoni baada ya kiwavijeshi kupata usugu ndani ya miaka michache tu. Lakini mfano unaofundisha zaidi ni wa funza mwekundu wa pamba, kwa sababu mdudu mmoja, zao moja na jeni zilezile zilitoa matokeo mawili yaliyo kinyume. India iliidhinisha pamba ya Bt mwaka 2002, na wakulima walipewa mbegu ya kimbilio katika kipakiti cha pembeni, ambacho wengi hawakukipanda. Ilipofika katikati ya muongo uliofuata, funza huyo alikuwa anaivumilia hata pamba yenye jeni mbili za Bt. Arizona, ambako pamba hiyo ilianza kulimwa 1996, wakulima walizingatia kimbilio, wakafuatilia usugu kila mwaka, na kuanzia 2006 wakashirikiana na serikali kuachia angani mabilioni ya nondo tasa, ili wale wa shambani wakioana nao wasizae. Mwaka 2018 Marekani ikatangaza kwamba funza huyo ametokomezwa katika mashamba yake ya pamba. Mbegu haikuwa tofauti kiasi cha kueleza pengo hilo. Utaratibu uliouzunguka upandaji wake ndio uliotofautiana.

Naongeza kisa cha China, ambacho hakikupangwa na mtu. Katika bonde la mto Yangtze wakulima walianza kupanda mbegu za kizazi cha pili cha pamba chotara, na kwa kanuni za urithi sehemu ya mimea hiyo ilitoka bila Bt. Bila kukusudia, kila shamba likawa na kimbilio lililotapakaa ndani yake, na usugu wa funza mwekundu ukarudi nyuma badala ya kusonga mbele. Watafiti waliolichambua jambo hilo mwaka 2017 walikuwa wanatazama tabia ambayo wauza mbegu wangeiita kosa.

Tabia ya pili, ile ya kustahimili dawa ya magugu, ina historia inayofanana na hiyo, na kwa mtazamo wangu ni mbaya zaidi. Dawa moja, glaifoseti, ilipuliziwa mwaka baada ya mwaka katika mamilioni ya hekta za soya, pamba na mahindi, na magugu yakafanya kile ambacho viwavi walikifanya. Aina moja ya mchicha pori ilithibitishwa kuwa sugu katika pamba ya jimbo la Georgia katikati ya miaka ya 2000, na leo wakulima wengi wa Marekani wamerudi kuchanganya dawa kadhaa, baadhi zikiwa za zamani na kali zaidi. Hapa ndipo ninapokubaliana na wapinzani kwa sehemu kubwa: mbegu inayouzwa pamoja na dawa yake humshawishi mkulima aache kubadilisha mazao, kupalilia na kubadilisha dawa, yaani mambo yote yanayochelewesha usugu. Ningekuwa na mamlaka ya kupanga, ningeziruhusu tabia hizi mbili kwa masharti tofauti kabisa.

Liko pia suala la aina ya mbegu yenyewe, ambalo jeni haiwezi kulificha. Burkina Faso ililima pamba ya Bt kibiashara kuanzia 2008, wadudu wakapungua na mavuno yakawa mazuri, lakini nyuzi zilitoka fupi kuliko zile zilizokuwa zimeipa pamba yake sifa sokoni, na kufikia 2016 nchi hiyo iliamua kuachana nayo. Jeni ilifanya kazi yake. Iliwekwa tu ndani ya aina iliyopoteza ubora ambao mnunuzi aliulipia. Somo la soko lilitokea pia Marekani mwaka 2000, ambapo mahindi yaliyoruhusiwa kwa chakula cha mifugo pekee yalikutwa ndani ya chakula cha watu na bidhaa nyingi zikalazimika kuondolewa madukani. Chavua hupeperuka, magunia huchanganyika, na mkulima anayeuza nje anapaswa kujua mnunuzi wake atakubali nini kabla hajapanda.

Tukiyachukua haya kwa uzito, kazi ya mamlaka inabadilika sura. Kwa mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi, kumtaka atenge asilimia 20 kwa ajili ya wadudu ni kuandika sharti litakalovunjwa, hivyo ni afadhali kimbilio lichanganywe ndani ya mfuko mmoja wa mbegu. Njia hiyo ina kasoro yake, kwani viwavi huhama kutoka mmea hadi mmea na kuonja sumu kidogo isiyowaua. Lakini kimbilio lenye kasoro ni bora kuliko lisilopandwa. Mdudu anayekula mimea mingi huweza kupata kimbilio katika mazao mengine yanayozunguka shamba, ilhali funza mwekundu, anayetegemea pamba karibu peke yake, hana pa kwenda. Kwa hiyo kanuni moja haiwezi kutosha wadudu wote, na maafisa ugani wanahitaji kufundishwa tofauti hizo kabla mfuko wa kwanza haujauzwa. Mbegu zenye jeni mbili au zaidi dhidi ya mdudu mmoja zipewe kipaumbele, na zisiuzwe sambamba na zile za jeni moja ambazo humfundisha mdudu hatua ya kwanza. Na ndani ya waraka uleule wa kibali iandikwe ni nani atakayeingia mashambani kila msimu kuokota viwavi waliosalia hai na kuwapeleka maabara, fedha za kazi hiyo zitatoka mfuko gani, na ni kiwango gani cha usugu kitakacholazimu mbegu hiyo iondolewe sokoni.